Fundi Akikosea, Nani Alipe?

Gari la kazi la ofisi yetu lilitoka gereji jioni moja, limekwisha kubadilishwa oili na chujio, fedha zimelipwa, na dereva wetu amepeana mkono na fundi. Asubuhi yake likashika njia ya Morogoro. Lilipokwisha kupita Chalinze, mwendo wa kilometa 100 na ushei kutoka Dar es Salaam, taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva alidhani ni waya umelegea, akasema moyoni afike kwanza kwenye vibanda vya mbele ndipo atazame. Hakufika. Injini ililia chuma kwa chuma, ikazima, ikakataa kuzunguka tena. Alipoinama chini ya gari alikuta tumbo lote limelowa oili na tundu la sampu li wazi. Nati ya kumwagia oili ilikuwa imedondoka njiani. Aliyeirudisha aliizungusha kwa vidole, akaitwa kwenye gari jingine, akasahau kurudi na spana.

Habari hii si ngeni kwa wasomaji wetu. Dereva wa teksi, mwenye daladala, mwalimu aliyejinyima miaka kununua kigari cha mkono wa pili, kila mmoja ana yake ya kusimulia. Twaieleza ya kwetu kwa sababu tumeishuhudia tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu ilituzulia swali ambalo hatukulitazamia.

Kwanza tuseme la hasira. Wako waliotushauri tuwaite polisi. Wengine walisema tulivute gari hadi gereji nyingine, litengenezwe, kisha tupeleke hesabu kwa aliyeharibu. Ushauri huu wa pili wausikiao ni wengi, na ndio unaowapotezea watu haki yao. Injini ikishafunguliwa na mtu mwingine, yule wa kwanza atasema hakuiona, na atakuwa anasema kweli. Sisi tulilipiga gari picha palepale lilipolala, tukaitunza stakabadhi ya kazi, tukampigia simu mwenye gereji siku ileile na kumtaka aje kabla haijaguswa hata boliti moja. Tulimwita pia fundi wa tatu, asiye wa kwake wala wa kwetu.

Mwenye gereji alipofika alisema nati imeng'olewa na jiwe la barabarani. Fundi wa tatu hakubishana naye. Alilala chini, akamulika kwa tochi, akamwonyesha kwamba nyuzi za tundu zilikuwa nzima na sampu haikuwa na kovu hata moja. Jiwe lenye nguvu ya kung'oa nati lisingeacha bati salama. Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akakiri kwamba kazi ile ilifanywa na kijana wake. Twampa heshima kwa neno hilo, maana mficha uchi hazai, na gereji ngapi tumeziona zikifa kwa sababu mwenyewe hakuweza kutamka kwamba tumekosea.

Lakini baada ya kukiri akaongeza: "Msiwe na wasiwasi, nitamkata kijana mshahara mpaka deni liishe."

Hapo ndipo tuliposhituka. Kijana huyo ni mfanyakazi. Kwa ujira wake, kuifumua injini na kununua metali na pistoni ni deni la miezi mingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata anavyopenda. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aandikiwe chanzo chake na hesabu yake. Apewe nafasi ya kuipinga. Jumla isizidi hasara iliyotokea kweli. Tena makato yasipite robo ya ujira wake wa fedha. Haya yafaa yajulikane na kila kijana anayeshika spana katika nchi hii, na yajulikane na mabwana wao pia.

Zaidi ya sheria kuna haki. Tuliuliza, tukaambiwa kwamba jioni ile kijana alikuwa na magari matatu mbele yake, na kwamba hapakuwa na mtu yeyote wa kukagua kazi kabla gari halijatoka. Aliyempa magari matatu ni nani? Aliyepokea fedha ni nani? Sisi hatukufanya mapatano na kijana. Tulipatana na gereji. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyofuata kwa karibu ile ya Uhindi ya mwaka 1872, yasema kwamba anayepokea mali ya mwenziwe aifanyie kazi yampasa kuitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida angalivyoitunza mali yake mwenyewe. Lile bango tulionalo kwenye kuta za gereji, kwamba magari huachwa kwa hasara ya wenyewe, hatuoni kwamba laweza kukaza nati iliyoachwa. Sheria hiyohiyo, lazima tuseme, yampa fundi naye ulinzi: akiisha kufanya kazi yake kama ipasavyo ana haki ya kulizuia gari hadi alipwe ujira. Wenye magari wanaochukua gari usiku kwa ahadi ya kesho, kisha wakabadili njia ya kupita, nao wamo katika habari hii.

Sasa tugeuke upande wetu. Taa ile nyekundu haimaanishi kwamba oili imepungua kidogo. Yamaanisha kwamba msukumo wa oili ndani ya injini umeanguka, na vyuma vinakaribia kusagana vikavu. Ikiwaka gari li mwendoni, ni kuliweka kando na kuzima hapohapo, hata kama ni porini. Fundi wa tatu alitueleza waziwazi kwamba kama dereva wetu angalizima mara ileile, huenda tungalinunua nati, washa yake na lita 4 za oili, basi. Dereva wetu ana miaka mingi barabarani wala hakuna aliyepata kumfundisha jambo hili. Kosa hilo lilikuwa la ofisi. Tungewezaje kumtetea kijana wa gereji asikatwe, kisha tukamkata dereva wetu?

Tulipatana hivi, kwa maandishi na mbele ya mashahidi: gereji ifanye kazi yote ya ufundi bila malipo na inunue nusu ya vipuri, ofisi inunue nusu iliyobaki na ilipe gharama ya kulivuta gari. Pasiwe na makato kwa kijana wala kwa dereva. Wako watakaosema tumelegea, kwamba aliyeacha nati ndiye chanzo na angalipa yote. Tumeyafikiri hayo. Kudai fidia ya sehemu ya hasara tuliyojiongezea wenyewe hakukutukalia vizuri.

Injini, kwa kusema kweli, ni chuma, nayo hulipika. Gurudumu halina simile. Katika gereji hizihizi, kwa haraka hizihizi, nati za magurudumu hukazwa na mtu mmoja huku akizungumza na mwingine. Nati hizo hukazwa kwa kupishana, si kwa kufuatana kama mshale wa saa, gari likiwa limeshushwa chini, na hukaguliwa tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Ni wangapi hurudi kukagua? Gurudumu likichomoka kwenye mteremko, hapatakuwa na fundi wa tatu wa kumulika tochi, na waliomo ndani hawatakuwa mezani kupatana.

Kwa hiyo twawataka wenye gereji, wa Gerezani na wa kila mji, watenge mtu wa pili atakayekagua nati za oili, za breki na za magurudumu kabla ufunguo haujarudishwa kwa mwenyewe, na kila nati iliyokazwa itiwe alama ya rangi. Kopo dogo la rangi hutosha magari mengi. Washa ya nati ya oili ibadilishwe kila oili inapobadilishwa. Bei yake ni ndogo kuliko chai ya fundi. Kazi iandikwe kwenye karatasi: nini kimefanywa, na nani, na kwa bei gani. Na wanaojifunza ufundi chini ya mti wasiachwe huko milele. VETA ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini, na mwenye gereji anayempeleka kijana wake akapimwe anajilinda yeye mwenyewe.

Nasi wenye magari tuache kusimama mlangoni tukipiga honi, tukitaka gari jioni hiihii na kwa bei ya kutupa. Jioni ile, tumekuja kuambiwa, gari jingine lililomwita kijana kutoka chini ya letu lilikuwa la mtu aliyekuwa na haraka ya harusi.

Gari letu lilirudi barabarani siku ya 19. Kijana angali kazini hapo. Dereva wetu alipokwenda kulichukua, aliomba jeki, akalala chini, akaishika nati kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyekasirika.