Wahandisi washuke Wote na Mwingi kabla ukuta haujapasuka

Mchanga wa mito ya Ukambani umejenga Nairobi. Malori yameuchota mchana na usiku, hadi Kaunti ya Makueni ikalazimika kupitisha sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015. Lakini jaribu kumtafuta mhandisi akukagulie msingi wa nyumba kule Kibwezi, Mutomo au Mwingi. Utaambiwa yuko Nairobi. Mchanga unaenda, utaalamu haurudi.

Ndiyo maana nasema vyama vya kitaaluma vya wahandisi na wasanifu majengo vina deni kwa kaunti kama Kitui na Makueni. Na sisi vijana, tunaopanga nyumba hizo, tunaofanya kazi za mjengo na tunaosomea taaluma hizo, tuna haki ya kulidai.

Kwanza tusichanganye mambo. Kuna bodi na kuna chama. Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK) iko chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Hiyo ndiyo inayosajili mhandisi na inaweza kumfuta. Wasanifu majengo wana bodi yao. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) inasajili wanakandarasi na miradi, nayo kaunti inatoa kibali cha kujenga.

Chama ni kitu kingine. Taasisi ya Wahandisi Kenya (IEK) ilianza mwaka 1972, na mizizi yake ni chama cha wahandisi wa Afrika Mashariki kilichoundwa 1945. Chama cha Wasanifu Majengo (AAK) ni cha 1967, na ndani yake wamo pia wakadiriaji gharama za ujenzi, wapangaji miji na hata wahandisi. Vyama hivi havina rungu la kumtia mtu adabu. Vina ujuzi, vina wanachama, na vina sauti ambayo serikali husikiliza.

Swali ni hili: hiyo sauti tunaisikia lini? Mara nyingi, baada ya mkasa. Jengo la Huruma lilipoanguka Aprili 2016 na kuua karibu watu 50, tulisikia taarifa. Darasa la shule ya Precious Talent kule Dagoretti lilipoporomoka Septemba 2019 na wanafunzi 8 wakafa, taarifa tena. Kamera zikiondoka, kimya. Mtu akishazikwa, maoni ya mtaalamu yanamsaidia nani?

Na usidhani haya ni mambo ya Nairobi tu. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi, likijaribu kuvuka daraja lililokuwa limefunikwa na mafuriko. Zaidi ya watu 30 walikufa. Ni kweli dereva hakupaswa kuingia majini. Lakini mito ya Ukambani tunaijua: inakaa kavu miezi kadhaa, halafu mvua ya Novemba inaileta kwa saa chache kama imetumwa. Daraja la chini kwenye mto wa aina hiyo linahitaji nguzo ya kupimia kina, kizuizi cha kufunga njia na mtu wa kusema hapana. Kuna vivuko vingapi vya namna hiyo Kitui na Makueni? Chama chenye wahandisi wa kutosha kingeweza kuvizungukia, kuviorodhesha na kuiwekea kaunti hiyo orodha mezani kabla mvua haijafika.

Tuje kwenye ploti. Miji yetu inapanda juu kwa kasi. Ukipita Wote, Emali au Kitui mjini utaona ghorofa za kukodisha zikiota pale palipokuwa na mabati juzi. Nyingi zinasimamiwa na fundi, na fundi wetu si mjinga. Anajua kazi. Lakini kuna mambo ambayo jicho halioni. Maji ya visima vingi vya Kitui yana chumvi. Ukichanganyia zege, chumvi hiyo inakula nondo polepole ndani kwa ndani. Udongo mweusi unavimba ukilowa na unapasuka ukikauka, na msingi mfupi hauwezi kuuhimili. Mwenye ploti akiongeza ghorofa ya nne juu ya nguzo zilizopigiwa hesabu ya mbili, rangi mpya itaficha nyufa kwa mwaka mmoja au miwili tu.

Najua jibu la wenye ploti: mhandisi ni ghali. Hapo nawaelewa. Na wanachama nao watasema chama ni cha hiari, wanalipa ada yao wenyewe, kwa nini wafanye kazi ya serikali bure? Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi mjadala. Sheria imewapa wataalamu hawa kazi ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuifanya. Jamii ikikufungia soko lako, inakudai kitu. Siku moja kila baada ya miezi mitatu, wahandisi wawili na msanifu mmoja wakikaa kwenye uwanja wa Wote au Mwingi kusoma ramani za watu na kujibu maswali ya mafundi, haitawafilisi. Tena itawaletea wateja, maana wengi huku hawajawahi hata kuzungumza na mhandisi.

Makueni tayari imewatengenezea njia. Enzi za Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kaunti hiyo ilijulikana kwa kamati za wananchi zinazosimamia miradi: mwanakandarasi halipwi mpaka kamati itie sahihi. Ni mpango mzuri sana. Lakini mama mboga na mwalimu mstaafu walio kwenye kamati watajuaje kama zege limekaa sawa? Chama kikiipa kila kamati mhandisi mmoja kijana wa kuwashika mkono, ile sahihi itakuwa na meno.

Faida ni ya pande zote mbili. Mhitimu wa uhandisi anahitaji angalau miaka 3 ya kazi inayosimamiwa kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Wangapi wamekaa na digrii zao wakiendesha boda kwa sababu hawana wa kuwasimamia? Kazi ya kusimamiwa ipo huku. Anayekosekana ni mkubwa wa kutia saini.

Na wakishuka, wasije kama walimu tu. Wakamba walijenga kwa mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, kabla ya neno mradi kuzoeleka. Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni yamevutia wataalamu kutoka nchi za mbali: ukuta unawekwa juu ya mwamba katikati ya mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha humo mbali na jua. Wanakijiji wanajua kwamba ukuta usipokaa kwenye mwamba maji yatapita chini, na usipoingia vizuri kwenye kingo mto utauzunguka. Huo ni uhandisi.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Kila mtu kwenye mjengo amesikia kuhusu mhuri wa kukodishwa: mtaalamu anapiga muhuri ramani ya jengo ambalo hatalikanyaga kamwe. Chama kinachojiheshimu hakingoji bodi igundue. Kinawatoa watu wa namna hiyo chenyewe, hadharani.

Kwa hivyo, kama unasomea uhandisi au usanifu, jiunge na chama ukiwa bado chuoni. Milango ya wanafunzi na wahitimu ipo. Kisha ulizeni kwenye mikutano: mwaka huu tumefika Mutomo mara ngapi? Na wewe unayepanga, kabla hujalipa deposti, muulize kapteni wa ploti ni mhandisi gani alisimamia jengo. Akicheka, usicheke naye. Tafuta nyumba nyingine.