Krismasi isigeuke matanga kwa sababu ya stima

Msimu wa sikukuu ukiingia, nyumba nyingi za Eldoret hufurika. Watoto wamefunga shule, jamaa wamewasili kutoka mashambani na Nairobi, na kila mmoja anataka maji ya moto. Si ajabu, kwani jiji letu liko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi ya asubuhi haina huruma.

Hapo ndipo hatari huanzia. Bomba la kuogea linalopasha maji kwa stima hutumia wati 5,000 hivi. Lahitaji waya wake mnene, swichi yake na waya wa kupeleka stima ardhini. Mwenye nyumba anayekwepa gharama huliunganisha na waya mwembamba wa taa, na ule wa ardhini akauacha. Mpangaji huhisi bomba "likimuuma" kidogo, kisha akazoea. Kuzoea huko ndiko kunakoua, kwani stima yetu ni ya volti 240 na mwili uliolowa huipitisha upesi.

Kwa maoni yangu, jukumu hili ni la mwenye nyumba kwanza. Anayepokea kodi kila mwezi hana kisingizio cha kukosa kumwita fundi mwenye leseni ya EPRA akague nyaya na kuweka swichi inayokata stima yenyewe inapovuja. Wapangaji wa ploti moja nao waungane kudai haki hiyo.

Hata hivyo, mpangaji pia ana wajibu. Soketi ya kawaida hubeba ampea 13, yaani wati 3,100 hivi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja tayari zimepita kiasi. Taa za Krismasi zizimwe kabla ya kulala. Stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima Desemba 10, 2023, chomoa pasi mara moja, isije ikarudi mkiwa usingizini.

Mtu akinaswa na stima, usimshike. Zima swichi kuu, au msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Kisha mpeleke hospitali hata akisema yu mzima, kwani madhara mengine huwa ndani ya mwili.

Mwenye nyumba, mwite fundi wiki hii, kabla wageni hawajafika.