Maji ya Ubatizo na Pumzi ya Mtoto

Katika vijiji vyetu vya Lusangi, mtoto akizaliwa kabla ya wakati na kuhema kwa shida, mara nyingi sisi makatekista huitwa upesi kuliko mwenye pikipiki. Hatulalamikii kuitwa. Kanisa lafundisha kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia, na penye lazima mtu yeyote mwenye nia njema aweza kumbatiza. Tunalolikataa ni kuketi kungoja baada ya hapo, kana kwamba ubatizo ni kuaga.

Kinachomsumbua mtoto huyo chajulikana. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hupakwa utelezi unaovizuia visinywee. Utelezi huo huanza kufanyizwa karibu na juma la 24 la mimba, nao hutosha karibu na juma la 35. Mtoto asiye nao hulazimika kuvifungua vifuko upya kwa kila pumzi, mpaka achoke. Pua hutanuka, mbavu huingia ndani, naye huguna. Huo si uchawi wa jirani, wala si adhabu ya mama. Mwezi wa Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani alikufa kwa ugonjwa huo kabla hajatimiza siku mbili; mali yote ya baba yake haikumwokoa, kwa kuwa dawa yake ilikuwa haijapatikana.

Leo hospitali zenye vifaa huweza kusukuma hewa puani mwa mtoto kwa mrija, ncha yake nyingine ikitoa mapovu ndani ya chupa ya maji, na vifuko vikabaki wazi. Lakini vifaa hivyo viko mbali nasi, na mvua ikinyesha barabara twaijua. Basi chombo bora cha kumsafirisha mtoto wa namna hii ni tumbo la mama yake. Uchungu ukianza mapema, mama apelekwe hospitali kuu kabla hajajifungua. Huko aweza kuchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, elimu iliyotoka New Zealand mwaka 1972.

Akizaliwa njiani, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitenge, avikwe kofia, na safari iendelee. Mganga mmoja wa Bogotá, nchini Kolombia, alianzisha njia hiyo mwaka 1978. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za nchi tano, Tanzania na Malawi zikiwamo, ulionyesha kwamba kuwaweka watoto wadogo kifuani mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo. Joto la mama halichukui nafasi ya hospitali. Humlinda mtoto mpaka afike.

Matanga twayachangia bila kuombwa mara mbili. Safari ya mama mwenye uchungu twaijadili mpaka usiku. Tunawaomba vijana wa kila shirika waandike sasa majina ya wenye pikipiki, ya watakaobeba machela pikipiki isipopita, na ya mtunza sanduku la mafuta. Kisha orodha hiyo ikabidhiwe kwa katekista na kwa mkunga.