Mtandao Ukikata Uluguru, Tulaumu Mvua au Lehemu?



Mtandao ukikata huku Moro lawama zetu zinajulikana: mvua, umeme, au kampuni ya simu. Leo tuangalie kitu kidogo kuliko punje ya mchele, yaani lehemu, ile inayoshika vifaa kwenye sakiti ya simu na mitambo ya mnara.

Juzi nilimpelekea fundi simu ya bi mkubwa, inajizima ovyo. Jamaa akaikagua kwa lenzi, akacheka: "Dogo, aliyetangulia kachanganya lehemu ya zamani na ya kiwandani. Lazima iachie!" Nikaona hapa kuna stori.

Lehemu ya zamani ilikuwa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, inayeyuka kwa nyuzi 183. Tarehe 1 Julai 2006 Ulaya ikapiga marufuku risasi kwenye vifaa vingi vya umeme. Viwanda vya dunia vikahamia kwenye bati lenye fedha na shaba kidogo, linaloyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Sisi hatukuulizwa, tuliletewa tu.

Sasa sikia hii. Sheria hiyohiyo ilivipa msamaha vifaa vya mitandao ya simu na seva, viendelee na risasi kwanza. Kwa nini? Simu yako ukiitumia miaka mitatu umejitahidi, lakini mtambo wa mnara unatakiwa udumu miaka kumi na zaidi, na lehemu mpya ilikuwa haijapimwa muda wote huo.

Hofu zilikuwa mbili. Ya kwanza, bati tupu huota vinywele vyembamba vinavyoweza kugusanisha njia mbili za umeme. Risasi kidogo huzuia hali hiyo. Mei 1998 setilaiti ya Galaxy IV ilipozimika, peja za mamilioni ya Wamarekani zikanyamaza, na vinywele vya bati ndivyo vilivyoshukiwa. Ya pili, lehemu mpya ni ngumu. Joto likipanda na kushuka taratibu inaweza hata kuishinda ya zamani, ila ikidondoka au ikitikiswa kwa nguvu, ugumu huo unaiponza.

Fikiria sasa minara yetu ya milimani, mpaka kule Bondwa. Mchana jua, usiku baridi kali, pembeni jenereta linanguruma. Mama wa Mgeta kauza mboga zake, pesa iko kwenye simu, mtandao hakuna. Kwake hiyo siyo sayansi, ni nauli ya kurudi nyumbani.

Basi turudishe risasi? Hapana jamani! Risasi inaharibu ubongo wa watoto. Waulizeni wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliosumbuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mpaka kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Na simu zetu mbovu zinaishia wapi? Jalalani, watoto wanachokonoa.

Kwa mtazamo wangu tatizo siyo lehemu mpya, ni kuletewa teknolojia bila maarifa yake. Fundi wa mtaani ana pasi isiyo na kipimo cha joto na waya wa kulehemu usio na jina. Anaunguza sakiti, au anachanganya lehemu mbili zisizoyeyuka pamoja, kiungo kinakuwa dhaifu. Kijana huyo anahitaji kozi fupi na pasi ya maana. Chuo cha VETA tunacho hapahapa Kihonda. Na wanaotuletea mitambo waulizwe: imepimwa kwa baridi ya Uluguru au kwa kiyoyozi cha ofisini?

Mafundi mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Wengine mnasemaje? Ukienda kutengeneza simu, muulize fundi anatumia lehemu gani. Akikuangalia kama umechanganyikiwa, jibu umeshalipata.

Nawasilisha.