Mwili wangu si tunda, wala hauna kosa

Wiki hii nina jaribio moja na ripoti mbili ambazo sijazianza hata kidogo, ila kuna kitu kimenikaa kooni, bora nikitoe kabla sijarudi kwenye vitabu.

Kuna orodha inazunguka kwenye simu za watu hapa hosteli. Eti "jua umbo lako, uvae upendeze". Imetafsiriwa kutoka magazeti ya urembo ya nje. Inasema wanawake wa dunia nzima tuko aina nne. Kuna tufaha, huyo ana tumbo. Kuna peasi, huyo ana nyonga kubwa. Kuna ndizi, huyo kanyooka juu mpaka chini. Halafu kuna saa ya mchanga, ambaye huku Bongo tunamwita namba nane. Ukishajua wewe ni tunda gani, unapewa masharti. Tufaha afiche tumbo. Peasi afiche nyonga. Ndizi adanganye watu kwamba ana kiuno. Namba nane yeye hana cha kuficha, avae atakacho.

Sasa mi nauliza. Kwetu Mitole, wilaya ya Kilwa, tuna mabibo, tuna nazi, tuna maembe. Peasi nimelionja mara ya kwanza nikiwa nimeshamaliza fomu siksi, limeletwa kutoka Lushoto. Leo naambiwa peasi ni mimi, tena naambiwa kuwa peasi ni tatizo lenye dawa!

Hoja yangu ni moja tu na naiweka mezani mapema. Kazi ya nguo ni kumkaa mtu. Ikishindwa, aliyeshindwa ni nguo. Kumshauri mtu avae apendeze sina ugomvi nako, nani hapendi kupendeza? Ugomvi wangu ni na ushauri unaoanza kwa kuukuta mwili wako na hatia, halafu ndio unakuuzia namna ya kujificha.

Na msiniambie haya ni mambo madogo ya wasichana. Muhula uliopita bumu lilipotoka, rumumeti wangu alinunua dawa ya kuongeza nyonga kwa muuzaji mmoja wa mtaani. Wakati huohuo alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku ili tumbo liingie ndani. Yaani huku anapunguza, kule anaongeza, kama anayechonga kinyago. Wiki ya tatu akatoka vipele mwili mzima na kizunguzungu juu, akakosa majaribio mawili. Chanzo chake nini? Gauni la mtumba la shilingi elfu nane lililogoma kufunga zipu. Msichana aliyepata A ya hesabu ameshindwa na gauni la elfu nane, kwa sababu alishaaminishwa kwamba gauni haliwezi kukosea.

Linaweza! Hebu tuangalie hizo saizi za kwenye lebo zimetoka wapi. Mwaka 1939 na 1940 wizara ya kilimo ya Marekani ilipima wanawake kama 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate saizi za kushonea nguo za kununua tayari. Ripoti ikatoka 1941. Wanawake wasio wazungu vipimo vyao havikuingizwa kwenye hesabu. Mwaka 1958 kukatoka saizi rasmi zilizotokana na kazi hiyo, na mwaka 1983 serikali yao yenyewe ikaziondoa. Tangu hapo kila kampuni inajipangia. Ndio maana sketi mbili za mtumba zenye lebo ya 12, moja inakudondoka na nyingine haipiti mapajani. Kwa hiyo ukijitazama kwenye kioo ukalia kwa sababu ya namba, jua unalilia namba ambayo bibi yako hakuhesabiwa, na hata waliohesabiwa walishaitupa.

Na huyo namba nane tunayeambiwa ndiye kipimo cha wote? Mwaka 2005 zilitangazwa hesabu za watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, huko huko Marekani, kutokana na vipimo vya wanawake zaidi ya 6,000. Namba nane walikuwa kama 8 kwa kila 100. Karibu nusu yao walikuwa hao wanaoitwa ndizi. Sasa orodha inayosema watu 92 kati ya 100 wana kasoro ya kuficha, hiyo sio orodha ya ushauri. Ni orodha ya wateja.

Najua kuna kaka zangu wanasoma hapa huku wanatingisha kichwa: "Safi sana dada, achaneni na mambo ya wazungu, rudini kwenye maadili." Subirini kwanza, nanyi mna fungu lenu humu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga marufuku vimini, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na nguo za kubana, ianze rasmi Januari 1969. Hata kabla tarehe haijafika, vijana wa kiume pale Kariakoo walishaanza kuwavamia wanawake na kuwachania nguo. Taifa lilikuwa na miaka michache tu ya uhuru, shule hazitoshi, zahanati hazitoshi, na kuna watu wanapima magoti ya dada zao.

Siku hizi vyuo vyetu vingi vina kanuni za mavazi, na kanuni kama kanuni sina neno. Ila chunguzeni inavyotumika. Sketi ileile, kitambaa kilekile, akivaa msichana mwembamba watu wanasema "imemkaa". Akivaa mwenye nyonga, tayari "amevaa uchi", mlinzi anamrudisha getini. Hapo kinachohukumiwa ni nguo au ni mfupa aliozaliwa nao? Mwenye gazeti anasema ficha nyonga kwa sababu ni mbaya. Mwenye maadili anasema ficha nyonga kwa sababu ni nzuri mno. Wanapingana kwa maneno, lakini wote wawili amri yao ni moja: ficha.

Sisi wa pwani kuamriwa nguo tunakujua vizuri. Kilwa Kivinje, mji wa jirani na kwetu, katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya kupeleka watumwa Unguja. Wanawake wa kitumwa walijulikana kwa nguo zao, merikani ya bei ndogo na kaniki nyeusi ya bluu. Nguo ilikuwa inamwambia kila mtu wewe ni nani kabla hujafungua mdomo. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kununua kanga za rangi, zenye maua na mapindo. Hakuna aliyewaambia rangi gani inapunguza tumbo. Walikuwa wanajichagulia nguo kama watu huru, na walitaka waonekane.

Na itazameni hiyo kanga yenyewe. Ina pindo, ina mji, ina jina. Haina saizi! Doti moja, mama anajifunga, mimi najifunga, bibi ambaye amebaki mifupa anajifunga, na shangazi tipwatipwa naye anajifunga akapendeza kuliko sote. Nyumbani ufuta ukishauzwa akina mama wakaenda kununua kanga, wanagombea jina na rangi. Sijasikia hata mmoja akiuliza kama ipo ya mwenye umbo la tufaha. Kanga inafuata mwili ulipo. Ukinenepa inakusubiri, ukijifungua inakusubiri.

Fundi cherehani naye ni hivyohivyo. Fundi wa kwetu hajawahi kuniuliza mimi ni tunda gani. Anachukua futikamba, anapima bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, anaandika kwenye kipande cha karatasi, basi. Kwake nyonga za inchi 44 sio kasoro, ni inchi 44. Anakata kitambaa kinachotosha inchi 44. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka tuirudishe hapa chuo.

Nisiishie kulalamika tu. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi, na marafiki zangu niliowashawishi:

Kwanza, jipime. Nenda kwa fundi yeyote akupime, hizo namba tano ziandike kwenye simu. Ukienda mtumbani beba futikamba, pima nguo yenyewe, lebo achana nayo.

Pili, nunua nguo inayotosha sehemu yako pana kuliko zote. Kama ni nyonga, sketi itoshe nyonga, kiuno fundi atakipunguza kwa hela ya chipsi. Kama ni kifua, gauni litoshe kifua. Kupunguza ni rahisi, kuongeza ni kazi. Shati na koti tazama mabega kwanza, manake kurekebisha bega ni lazima mikono ifumuliwe. Geuza nguo ndani pia uone kama mshono umeachiwa akiba ya kitambaa.

Tatu, usiijaribu umesimama wima kama askari. Kaa. Inama. Inua mkono kama umeshika bomba la daladala. Nguo inayopendeza ukiwa umesimama tu ni ya kupigia picha, sisi tunakaa darasani masaa matatu.

Nne, jua vitambaa. Kitambaa chepesi kinachonata kitakuganda hata ukiwa mwembamba kama ufagio, hicho mwambie fundi akitie bitana. Kitenge kipya ni kigumu, kifue kwanza kabla hujampa fundi, la sivyo kitarudi baada ya kushonwa.

Tano, swali la kwanza mbele ya kioo lisiwe "nafichaje". Liwe "leo nataka nini kionekane". Una mabega mazuri, fungua shingo pana. Una kiuno, kifunge mkanda. Una tumbo na unapenda rangi ya chungwa, vaa chungwa! Mwenye kupenda nyeusi na avae nyeusi kwa sababu anaipenda, asiivae kama mfiwa wa mwili wake mwenyewe.

Watasema, "Mbona kuna wanaosaidika na zile orodha?" Wapo, sikatai. Shingo ya V kweli inamkaa vizuri mwenye kifua kikubwa, hata fundi atakwambia. Lakini fundi anakwambia kama habari ya kitambaa. Orodha inakwambia kama habari ya aibu. Tofauti ni hapo.

Lile gauni la elfu nane, kama mnataka kujua, tulilipeleka kwa fundi. Alifumua mishono ya pembeni, akaingiza kipande cha kitenge kila upande kuanzia kwapani mpaka chini, akabadilisha zipu. Siku mbili tu. Mwenye nalo alilivaa siku ya kuwasilisha ripoti yao, na watu watatu wakamuuliza kanunua duka gani. Nyonga ni zilezile. Tumbo ni lilelile. Kilichobadilika ni kitambaa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mi naongeza, na kipimo cha kuazima hakimsitiri mtu. Tuna futikamba, tuna mafundi kila kona ya mtaa, na tuna akili zilizotuleta chuo kikuu. Bumu liende kwenye chakula na vitabu, kiasi kidogo kiende kwa fundi, muuzaji wa dawa ya nyonga atafute kazi nyingine.

Halafu kumbukeni, siku ya mahafali wote tutavaa joho. Ndizi, peasi, tufaha, namba nane, wote ndani ya joho, na hakuna atakayeulizwa umbo. Wataita jina lako na shahada yako. Mi nataka tufike huko wote tukiwa wazima, tumeshiba, na hatujamkosa hata mmoja.

Naomba kutoa hoja. Narudi kwenye ripoti.