Mwenye pato la siku asidaiwe bima ya mwaka mzima



Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, hazina ya awali ya bima ya afya, Wakenya wamebishana sana kuhusu kiasi cha mchango: asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Mimi naandika kuhusu jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha, nalo ni wakati wa kulipa. Mwajiriwa hukatwa mwezi baada ya mwezi. Anayepokea shilingi 100,000 hukatwa 2,750, wala hakuna anayemwambia alete 33,000 mwezi wa Januari ndipo mkewe alazwe. Lakini mama mboga, kinyozi, fundi wa viatu, mhudumu wa bodaboda na kibarua wa mjengo wanadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, tena mapema. Hata aliyepangiwa kiwango cha chini kabisa ni sharti awe na shilingi 3,600 mkononi siku hiyo ya kulipa. Aliyepangiwa 500 kwa mwezi atafute 6,000. Hoja yangu ni kwamba sharti hili la mkupuo, kuliko kiwango chenyewe, ndilo linalowafungia nje watu wale wale ambao Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilinuiwa kuwafikia.

Tazama mambo yanavyokuwa pale dirishani. Mama mwenye uchungu anafika hospitali ya kaunti. Karani anaingiza nambari ya kitambulisho, na kompyuta inajibu kwamba amesajiliwa ila mchango wake haujalipwa. Kuanzia hapo jamaa zake wako uani na simu masikioni, wakimpigia ndugu, mweka hazina wa chama, na yeyote aliyewahi kuwapa kibarua, ili ada ya mwaka itimie kabla mtoto hajazaliwa. SHA huilipa hospitali shilingi 10,000 mama akijifungua kwa njia ya kawaida, na 30,000 akifanyiwa upasuaji. Wakikosa kulipa ada, mzigo huo ni wao. Chini ya mpango wa Linda Mama, mjamzito hakuulizwa mchango wowote kwanza. Katika hili tumerudi nyuma, na anayebeba gharama ya kurudi nyuma huko ni mwanamke aliye katika saa ambayo hana nguvu hata ya kubishana na karani.

Wapo wanaosema watu wa jua kali hawataki tu kulipa. Takwimu hazikubaliani nao. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wako nje ya ajira rasmi, na kufikia 2025 waliojisajili na SHA walikuwa wamepita milioni 20. Watu hawa walipiga foleni, wakatoa vitambulisho vyao na vya watoto wao. Wameitikia wito, lakini wanaolipa kutoka jua kali wamebaki sehemu ndogo. Basi kikwazo kiko kati ya kujisajili na kulipa, na hapo ndipo mkupuo ulipo. Kuna pia njia inayotumiwa kukadiria uwezo wa familia: paa ni la nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo mingapi. Maswali hayo huenda yakaonyesha jinsi mtu anavyoishi, ila hayaonyeshi alicho nacho mfukoni wiki hii. Mjane aliyejengewa nyumba ya mabati na mumewe miaka kumi iliyopita hawezi kung'oa bati akalipie bima.

Utetezi wenye uzito zaidi unatoka kwa wataalamu wa bima wenyewe. Wanasema mtu akiruhusiwa kulipa mwezi kwa mwezi, atalipa akiugua na kuacha akipona, na mfuko utakauka. Ni kweli, na NHIF iliumizwa na tabia hiyo. Lakini mkupuo haujaiondoa, umeikuza. Asiye na akiba hulipa 6,000 pale tu ugonjwa unapombana, na mwaka ukiisha salama haoni sababu ya kukopa tena. Dawa ya tabia hiyo ni kumzoesha mtu kulipa kidogo bila kukatiza, na kuweka kipindi cha kungoja kwa matibabu yanayoweza kupangwa, huku uzazi na dharura vikiachwa wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na sioni jinsi risiti ya mwaka inavyoweza kutangulia mbele ya Katiba.

Wengine watanikumbusha Rwanda, ambako mchango wa bima ya jamii pia huhesabiwa kwa mwaka. Mfano huo naupokea kwa mikono miwili, maana huko familia nyingi hukusanya fedha hizo polepole kupitia vikundi vya kuweka akiba, na serikali huwalipia walio maskini kabisa. Kwetu pia serikali imeahidi kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, na huduma katika zahanati na vituo vya afya hazidai mchango. Ni hatua njema. Lakini kati ya hao milioni 2.2 na wenye mishahara kuna umati wa watu ambao si mafukara na si wa kukatwa mshahara, na zahanati haifanyi upasuaji. Umati huo umeletewa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni wa mkopo wa kulipia ada ya mwaka. Kwa nini mtu akopeshwe ili alipe mapema kile ambacho angeweza kukilipa moja kwa moja kidogo kidogo? Mwenye mshahara hakopeshwi bima.

Wala tusiambiwe kwamba kukusanya senti ndogo hakuwezekani. NSSF, shirika la serikali hii hii, hupokea akiba ya uzeeni kutoka kwa watu wa jua kali kuanzia shilingi 25 kwa siku kupitia mpango wa Haba Haba. Shilingi 3,600 za mwaka hazifiki hata 10 kwa siku. Simu inayomlipa mwanabodaboda nauli inaweza kuipelekea SHA shilingi kumi yake jioni ile ile.

Namwomba Waziri wa Afya afungue mlango wa kulipa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi bila mkopo, na mama yeyote anayejifungua ahudumiwe kwanza, hesabu zifuate. Na Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa iitake SHA itangaze, kaunti kwa kaunti, ni familia ngapi zilizolipa mwaka wa kwanza na zikashindwa kulipa wa pili.

Msomaji,
Nakuru