Kijani si mvua: ramani zinazotudanganya bila kusema uongo

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Nina neno na wale wanaotuchorea sayansi na kuimwaga kwenye Facebook, X na WhatsApp.

Kabla ya masika na kabla ya vuli, ICPAC, kituo cha IGAD cha utabiri wa hali ya hewa, hutoa ramani ya msimu ya eneo letu. Huku kumepakwa kijani, kule manjano na kahawia. Ramani inatumwa, inatumwa tena, mpaka inaingia kwenye makundi ya wakulima. Sasa muulize mtu kijani kilichokoza kina maana gani. Wengi watakwambia: mvua nyingi sana.

Sivyo! Kijani kilichokoza hakisemi mvua itakuwa nyingi kiasi gani. Kinasema uwezekano ni mkubwa kiasi gani kwamba mvua itazidi ile ya kawaida ya mahali hapo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Inavyofanya kazi ni hivi. Wataalamu huchukua misimu ya miaka mingi iliyopita, huipanga kuanzia ule mkavu zaidi hadi wenye mvua nyingi zaidi, kisha huigawa mafungu matatu sawa: chini ya kawaida, kawaida, na juu ya kawaida. Kama huna habari yoyote, kila fungu lina asilimia 33 hivi. Utabiri husogeza hizo namba. Tuseme kwenu imekuwa 45 juu, 30 kawaida, 25 chini. Ramani inapaka kijani, basi. Ile 25 imekwenda wapi? Rangi imeimeza! Ina maana katika misimu minne yenye utabiri kama huo, tarajia mmoja uwe mkavu. Mkulima aliyekopa pesa za mbegu inayochelewa kukomaa, kwa kuamini kijani, picha haikumwambia hilo.

Tena "juu ya kawaida" ya wapi? Lodwar hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima. Kericho hupita 1,500. Zote mbili zinaweza kupakwa kijani kilekile, na bado Lodwar ibaki nchi kavu.

Madhara yake ni imani kupotea. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali kule Pasifiki, lakini Kenya haikupata mafuriko kama ya 1997, na watu wakasema wataalamu ni waongo. Kila utabiri unaosomwa kama ahadi unapunguzia nguvu onyo linalofuata. Na vuli ya 2023 onyo lilitimia: mafuriko yaliua zaidi ya watu 100 nchini.

Utetezi wao naujua. Wa kwanza: "Maelezo yamo kwenye ripoti, na ufunguo wa rangi uko pembeni ya ramani." Ndugu zangu, kwenye mitandao picha husafiri peke yake, kama mtoto aliyetumwa dukani bila karatasi. Ripoti inabaki kwenye tovuti. WhatsApp inaibana picha, na yale maandishi madogo ya pembeni yanageuka ukungu.

Wa pili: "Mwananchi wa kawaida haelewi uwezekano." Acheni dharau! Nchi hii imejaa vijana wanaochambua mkeka wa mechi kumi na kukueleza kwa nini timu fulani inalipa zaidi ya nyingine. Uwezekano wanaujua. Hamjauchora tu.

Wala sisemi kila picha iwe na namba. Mwaka 2018 Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading alichora mistari ya bluu na nyekundu ya joto la dunia, bila namba hata moja, ikaenea duniani kote. Inaeleweka kwa sababu rangi inasema kile kile mtu anachokidhania: bluu baridi, nyekundu joto. Kijani chetu kinafanya kinyume. Kinamwonyesha mkulima shamba lililostawi, kumbe kinamaanisha asilimia.

Basi haya ndiyo ninayodai:

1. Chini ya ramani wekeni miduara 20 kwa kila eneo. Kwa mfano wangu: 9 ya bluu, 6 ya kijivu, 5 ya kahawia. Mtu ahesabu mwenyewe.
2. Msimu na mwaka viandikwe kwa herufi kubwa ndani ya picha, maana ramani ya zamani nayo huzungushwa tena.
3. Kiswahili kiwe ndani ya picha yenyewe, si kwenye maelezo ya chini yanayobaki nyuma.
4. Kabla ya kuchapisha, itumeni kwa WhatsApp mara mbili, muifungue kwenye simu ndogo juani. Isiposomeka, haijakamilika.

Msiniambie desturi haibadiliki. Matplotlib, inayotumiwa na wanasayansi wengi kuchora data, iliacha rangi zake za upinde wa mvua katika toleo 2.0 mwaka 2017, kwa sababu zilikuwa zikionyesha mipaka isiyokuwepo kwenye data. Walibadilisha, na kazi inaendelea.

Na wewe msomaji, ramani ya msimu ujao ikikufikia, kabla hujaisambaza andika chini yake: "Rangi hii ni uwezekano, si kiasi cha mvua." Ni maneno manane tu, na hayamalizi bando.